MOSHI WA JIKO NA UGONJWA WA TANSIO



Katika toleo lililopita ukurasa huu wa sayansi uliongea juu ya minyoo ya tumbo, na wengi walicheka kwa sababu ya picha. Somo la leo halina picha. Lilianza siku ile muuguzi wa kituo cha afya alipokuja kupima wafanyakazi wa masomo yetu, wote kwa zamu: walimu, walinzi, mafundi na wamama wapishi. Hatutataja hesabu ya mtu hata mmoja, kwani damu ya mtu ni siri yake na ya mganga wake. Lakini maulizo yaliyofuata hayakuwa siri, yalisemwa wazi pale barazani. Juu ya nini mtu asiyependa chumvi, asiyekunywa pombe, asiye mnene, anayepanda mlima na ndoo ya maji kila siku, apatikane na tansio? Mmoja akajibu: "Ni mawazo mingi." Mwingine akasema: "Tansio ni ugonjwa wa matajiri, hawa wamama wameupata wapi?" Na mama mmoja mpishi akasema huku akicheka: "Labda ni huu moshi wenu."

Watu walicheka naye, kisha wakaenda kula. Sisi wa sita Biolojia-Kemia tuliona ya kama neno lile halikupata jibu. Tukamuuliza mwalimu wetu, tukasoma alivyotupa, tukabishana siku nyingi usiku baada ya etude. Tunasema mbele ya yote: mama yule alisema neno ambalo waganga wa dunia walichukua miaka mingi kulijua.

TANSIO NI KITU GANI?

Watu wanasema "iko na tansio" kama vile wanavyosema "iko na malaria", sawa vile tansio ni mdudu aliyeingia mwilini. Sivyo. Kila mtu aliye hai ana tansio, na asiye nayo tumekwisha kumzika. Shinikizo la damu ni ile nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Moyo unapiga mara 100,000 hivi kwa siku moja. Ukijikaza, nguvu inapanda: hiyo ndiyo hesabu ya juu. Ukilegea ili ujae tena, nguvu inashuka: hiyo ndiyo hesabu ya chini. Ndiyo maana muuguzi anaandika hesabu mbili, kwa mfano 120 juu ya 80.

Wa kwanza kupima nguvu hiyo, katika wale tunaowajua, alikuwa mchungaji. Jina lake Stephen Hales, wa Kanisa la Uingereza. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1733 alieleza jinsi alivyomlaza farasi jike chini, akaingiza bomba katika mshipa wake mkubwa, akaunganisha na bomba refu la kioo lililosimama. Damu ikapanda ndani ya kioo zaidi ya futi 8, maana yake metre 2 na nusu. Hatujui waumini wake walisema nini juu ya kazi hiyo.

Hakuna dispanseri inayoweza kumpima mgonjwa kwa bomba la namna hiyo. Mwaka wa 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza kitambaa cha kufunga mkono na kukijaza hewa, akapima kwa zebaki. Mwaka wa 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha masikio. Juu ya nini zebaki? Wa kalasi ya tatu wajibu: kwa sababu ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Milimetre 120 za zebaki ni sawa na 120 × 13.6, yaani milimetre 1,632 za maji. Moyo wako, ukubwa wa ngumi yako, unasukuma kwa nguvu ya kuinua maji mpaka karibu na kimo cha mwanafunzi mkubwa, na haupumziki hata wakati wa likizo. Vipimo vingi vya leo havina zebaki tena, lakini hesabu ni ile ile.

Waganga wanasema tansio iko juu ikiwa imefika 140 kwa hesabu ya juu, ao 90 kwa hesabu ya chini, na iwe imepimwa zaidi ya siku moja, mtu amekaa kimya. Mtu aliyetoka kukimbia, ao anayemuogopa muuguzi, atapanda kwa muda tu. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilihesabu mwaka wa 2021 ya kama watu wenye ugonjwa huu, wa miaka 30 mpaka 79, ni bilioni 1 na milioni 280 hivi, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu hauumi. Mtu analima, anaimba katika kwaya, anaoza binti yake, kumbe mishipa inachoka. Siku moja upande mmoja wa mwili unalala, mdomo unapinda, na jamaa wanaanza kutafuta ni nani aliyemroga.

Kuna hesabu moja ya fizikia ambayo tunaiomba kila mwanafunzi aishike, kwa maana bila hiyo hatutaelewa kazi ya moshi. Bomba likipungua upana, upinzani wake hauongezeki kidogo kidogo. Unaongezeka kwa kipeo cha nne cha nusu-kipenyo. Mshipa mdogo ukijibana kwa sehemu moja tu katika kumi, nusu-kipenyo inakuwa 0.9 ya ile ya kwanza, na 0.9 kwa kipeo cha nne ni 0.656. Basi upinzani umeongezeka mara moja na nusu. Moyo ukitaka kupitisha damu ile ile, ni lazima usukume zaidi. Kwa hiyo kitu chochote kinachobana mishipa midogo, hata kwa kipimo usichoweza kukiona, kinaonekana katika tansio.

MOSHI NI KITU GANI?

Kuni zikiungua vizuri kabisa, tungepata hewa ya kaboni, mvuke wa maji na majivu basi. Lakini kuni za jikoni haziungui vizuri, hasa zikiwa mbichi. Zinatoa monoksidi ya kaboni, zinatoa gesi nyingine nyingi zinazochoma macho, na zinatoa vumbi laini sana la masizi na lami. Hilo vumbi ndilo tunalolifuata leo. Wataalamu wanaliita PM2.5, maana yake chembe zisizozidi mikrometre 2.5 kwa upana. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene mara 20 mpaka 30 kuliko chembe hiyo.

Vumbi kubwa la barabara yetu linakamatwa puani na kooni, unalipiga chafya ao unalitema. Chembe ndogo zinapita. Zinafika mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho vya mapafu, vilivyo mamilioni mamia, ambako kati ya hewa na damu kuna utando mwembamba chini ya mikrometre moja. Mungu aliufanya mwembamba hivyo ili oksijeni ipite. Hakuna mlango mwingine mwilini ulio wazi namna hiyo.

Kipimo cha vumbi hilo ni mikrogramu katika metre moja ya mraba wa tatu ya hewa. OMS ilisema mwaka wa 2021 ya kama wastani wa mwaka usipite 5; mbele, tangu 2005, ilikuwa imesema 10. Sasa angalieni. Kinshasa, wataalamu walipima hewa ya nje kwa mwaka wa 2019 wakapata 43.5. Na katika milima ya Guatemala, wamama wanaopika kwa kuni juu ya moto ulio wazi walibebeshwa kipimo mwilini siku nzima, wastani ukawa 264. Ni zaidi ya mara 50 ya mpaka wa OMS. Wale wamama hawakai karibu na kiwanda wala barabara ya makamio. Wanakaa kijijini, kwenye hewa ambayo mgeni angeisifu.

WALIANZA NA LONDON

Kwamba moshi unaua, watu waliliona wazi kutoka tarehe 5 mpaka 9 Desemba 1952, ukungu ulipoufunga mji wa London pamoja na moshi wa makaa ya mawe. Kwanza walihesabu maiti 4,000 zaidi ya kawaida. Wataalamu wa baadaye walifikisha 12,000 hivi. Bunge lao likatoa sheria ya hewa safi mwaka wa 1956. Wote walifikiri ya kama ni neno la mapafu. Lakini mwaka wa 1993 watu wa Marekani walitoa hesabu ya watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita, waliofuatwa kwa miaka 14 mpaka 16. Mji uliokuwa na vumbi laini zaidi ulikuwa na vifo zaidi kwa asilimia 26 kuliko mji ulio safi zaidi, na wengi walikufa kwa moyo na mishipa. Hapo ndipo waganga wa moyo walipoanza kuuliza maulizo ya yule mama wetu.

Mwaka wa 2002, huko Toronto, waliwaketisha watu wazima 25 wenye afya, wakawapa kuvuta hewa yenye chembe na ozoni kwa saa mbili, na siku nyingine hewa iliyochujwa, bila kuwaambia ni ipi. Mshipa wa mkono ulijibana baada ya hewa chafu. Saa mbili tu!

NJIA TATU ZA KUTOKA PAFUNI MPAKA KWENYE MSHIPA

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa haki: moshi unaingia mapafuni, tansio iko kwenye mishipa, vinakutana wapi? Kuna njia tatu, na zinatembea pamoja.

Ya kwanza ni ya mishipa ya fahamu, nayo ni ya haraka. Ndani ya mapafu kuna ncha za fahamu zinazosikia kitu kinachochoma. Zinapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unajibu sawa vile umeona nyoka: moyo unapiga mbio, mishipa inajibana. Nyoka anapita, moyo unatulia. Lakini mtu anayekaa kwenye moshi asubuhi na mangaribi, nyoka wake hapiti.

Ya pili ni ya uvimbe. Askari wa mwili, zile seli nyeupe, wanaziona chembe na kujaribu kuzimeza. Masizi hayameng'enyeki kama mikrobu. Askari wanakasirika, wanatoa kemikali za vita, na kemikali hizo hazibaki mapafuni, zinaingia katika damu na kuzunguka mwili mzima. Ni uvimbe mdogo usio na homa wala maumivu. Unaendelea siku baada ya siku.

Ya tatu ni ya chembe zenyewe, zile ndogo kuliko zote, pamoja na kemikali zilizobandikwa juu yao. Baadhi zinavuka ule utando na kuingia katika damu.

Njia zote tatu zinafika kwenye ngozi ya ndani ya mshipa. Ngozi hiyo ina unene wa seli moja tu, lakini inafanya kazi kubwa: inatoa gesi, oksidi ya nitrojeni, inayouambia mshipa ulegee. Kwa kugundua kazi ya gesi hiyo, Furchgott, Ignarro na Murad walipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1998. (Ni gesi ile ile inayotoka katika moshi wa motokari. Nje ya mwili inatusumbua, ndani ya mshipa inatuponya. Kemia haina rafiki wala adui.) Uvimbe wa moshi unaiharibu gesi hiyo mbele haijafanya kazi yake. Mshipa haupati neno la kulegea, unabaki umebana, na hapo mnakumbuka hesabu yetu ya 0.9.

Kwa siku moja hiyo si kitu. Mwili unajirudisha. Neno ni miaka. Mshipa uliobanwa kila siku unaongeza nyama katika ukuta wake, kisha unakauka kama mpira wa zamani wa kinga, hauvutiki tena. Ukuta wa moyo unanenepa kwa kazi. Figo, ambazo ndizo zinazopanga maji na chumvi, zinapokea damu kwa shida na zinaanza kupanga vibaya. Sasa hata ukiuzima moto, tansio haishuki yote, kwa sababu si moshi tena unaoishika, ni mshipa wenyewe uliobadilika. Ndiyo maana sisi wa miaka 18 tunapuliza moto na hatuoni kitu, lakini mama wa miaka 50 anaona.

Tukifanya hesabu: mpishi akae mbele ya moto saa 5 kwa siku, siku 6 kwa juma, majuma 36 ya masomo kwa mwaka. Hiyo ni saa 1,080. Kwa miaka 20 ni saa 21,600, yaani siku 900 mchana na usiku ndani ya moshi. Na bado hatujahesabu chakula anachopika nyumbani kwake.

JE, NI KWELI NI MOSHI, AO NI UMASIKINI?

Hapa tulibishana sana. Anayepika kwa kuni kwa kawaida ni masikini, amezaa mara mingi, amefika umri, anakula samaki wa chumvi, na hapati mganga. Ukikuta tansio yake iko juu, utajuaje ni kuni? Unaweza kuilaumu kuni bure. Ili kujua, inafaa kuchukua watu walio sawasawa, kuwagawa kwa kura, na kubadilisha kitu kimoja tu.

Ndivyo walivyofanya Guatemala, katika jimbo la San Marcos. Nyumba zilipigiwa kura: nusu zikajengewa jiko lenye bamba la chuma juu na bomba la kutoa moshi, nusu zikaendelea na moto ulio wazi mpaka zamu yao ifike. Wamama wa zaidi ya miaka 38 wakapimwa tansio. Kwa wenye bomba, vumbi lilishuka kutoka 264 mpaka 102. Hesabu ya juu ya tansio ilikuwa chini kwa 3.7, na hesabu ya chini kwa 3.0, hii ya chini ndiyo yenye uhakika zaidi. Tena, wale wa kundi la pili walipopata majiko yao, tansio yao nayo ilishuka kidogo. Habari hizo zilitolewa mwaka wa 2007.

Mtu atasema: 3 ni kitu gani? Kwa mtu mmoja ni kidogo, kipimo chenyewe kinaweza kukosea hivyo. Lakini ukishusha 3 kwa wamama wote wa mlima mzima, wengi waliokuwa kwenye ukingo wa kupooza wanarudi nyuma. Tena kumbukeni ya kama 102 bado ni moshi mwingi, zaidi ya mara 20 ya mpaka wa OMS. Wamama wale walitoka katika moshi mkubwa na kuingia katika moshi wa kadiri.

Hatutaki kuficha upande mwingine, kwa kuwa mwalimu anayeficha matokeo yasiyompendeza si mwalimu. Kuanzia mwaka wa 2018 walifanya jaribio kubwa kuliko lile, katika nchi nne: Guatemala, India, Peru na jirani zetu wa Rwanda, huko Kayonza. Wamama wajawazito 3,200 hivi walipigiwa kura; nusu wakapewa jiko la gesi na chupa za gesi bure. Vumbi walilovuta lilishuka kutoka 70 hivi mpaka 24 hivi. Tukafurahi tulipofika hapo. Lakini tansio ya wajawazito haikushuka, ilikuwa hata juu kidogo sana kwa wenye gesi. Habari hiyo ilitolewa mwaka wa 2022.

Wenzetu wengine wakasema: basi, moshi hauna neno. Sisi hatufikiri hivyo. Wale wa San Marcos walikuwa wamama wazima waliokuwa wamekula moshi miaka mingi. Wale wa jaribio la pili walikuwa wasichana na wamama vijana, na mimba yenyewe inabadilisha tansio juu na chini kwa miezi yake. Miezi michache ya gesi katika mwili wa miaka 25 si sawa na miaka 20 ya moshi katika mwili wa miaka 50. Tukiweka pamoja kazi ya mwili tuliyoieleza, hesabu za miji, na jiko la bomba, tunaona mzigo wa ushahidi uko upande wa moshi. Lakini asitoke mtu hapa akatangaze ya kama tansio yote ni moshi. Chumvi iko, umri uko, uzito, pombe, tumbako, na damu ya ukoo. Moshi unaongezwa juu ya hayo.

KWETU KIVU

Katika Kongo, zaidi ya nyumba 9 kwa 10 zinapika kwa kuni ao makala. Kwetu milimani kuna baridi, kwa hiyo jiko linawekwa ndani na mlango unafungwa. Wakati wa mvua kuni zinalowana, na kuni iliyolowana inatumia moto wake kwanza kukausha maji, inaungua kwa uvivu, inatoa moshi mnene. Mwenye mbabula ya makala anafikiri amepona kwa kuwa haoni moshi. Ni kweli vumbi ni kidogo kuliko la kuni. Lakini makala yanatoa monoksidi ya kaboni mingi, gesi isiyo na harufu, inayoshika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kulala na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa si neno la tansio hata, ni kifo cha usiku mmoja. Wenye kukaa nje ya internati wakumbushe wazazi.

Plastiki na mipira ya kinga visitumiwe kuwasha moto, hata kama vinashika upesi. Vinaongeza sumu nyingine juu ya hizi.

Motokari na moto za mjini, na grupu zinazokunywa mazutu, nazo zinatoa chembe za namna ile ile, tena ndogo sana. Grupu yetu ya etude iko upande wa dirisha la nyumba ya wasichana. Upepo wa mangaribi mnajua unakwenda wapi. Tunaomba tu bomba lake ligeuzwe na kurefushwa, kazi ya fundi mmoja kwa nusu siku.

JIKO LA MASOMO YETU

Mwanafunzi anayekula maharagi ya saa sita hajui yaliwekwa motoni saa ngapi. Tulikwenda kuuliza. Sufuria mbili kubwa, mafiga matatu kila moja, dirisha moja ndogo, na juu ya kichwa mabati meusi yanayong'aa kwa lami kama yamepakwa rangi. Lami hiyo ndiyo iliyobaki juu. Nyingine ilikwenda mapafuni.

Wamama hawakuomba gesi, wala umeme, wala kitu cha bei. Mkubwa wao alituambia: "Mutupatie kuni za kukauka, wanangu. Hizi munazotuletea zinalia." Na kweli, kuni mbichi ikiwa motoni inatoa povu na sauti.

Tumepeleka kwa Bwana Prefe wa masomo, kupitia mwalimu wetu, maneno haya, naye amekubali tuyaandike hapa ili kila kalasi iyasome. Kuni za mikaratusi zipasuliwe nyembamba na kupangwa chini ya paa miezi mbele ya kutumiwa, si kuletwa leo na kuchomwa leo. Maharagi yalowekwe usiku mzima; yanaiva upesi, na saa moja iliyopunguzwa motoni ni saa moja iliyopunguzwa katika zile 21,600. Sufuria zifunikwe. Ukuta wa juu utobolewe pande zote mbili ili hewa ipite, na mafundi wa seksheni ya ujenzi wajenge jiko la matofali na udongo lenye bomba linalotoka juu kupita paa. Bomba fupi linaloishia chini ya mabati halifai kitu, linahamisha moshi tu.

Kuna neno la adhabu. Wachelewaji wamezoea kupelekwa jikoni kupuliza moto. Sisi makapita tumeomba adhabu hiyo ibadilishwe iwe kupasua kuni nje. Kazi ni ngumu zaidi, wachelewaji wasifikiri tumewahurumia, lakini kifua chao kitakuwa kwenye hewa.

Muuguzi naye amekubali kurudi kila muhula kuwapima wamama, na yeyote aliyepewa dawa aendelee nazo hata jiko likiwa jipya. Bomba halishushi tansio ya miaka 20 kwa siku moja, na mwenye kuacha vidonge kwa sababu amesoma ukurasa huu atakuwa ametusoma vibaya. Chumvi nayo ipungue katika sombe. Wapishi wamekubali, sasa inabaki ninyi msinung'unike.

Kazi ya kuni inaanza siku ya posho hii, saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba ya vyombo. Zamu ya kwanza ni ya kalasi ya tano, ya pili ni yetu sisi wa sita. Masomo yana shoka tatu tu, na moja imelegea mpini. Mwenye shoka kwao alilete, liandikwe jina lake kwa rangi ili lisipotee.